Broglio: Mwitaliano aliyeigeuza ikweta ya Kenya kuwa mlango wa angani

KWA wakazi wa Kiirua, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, ikweta si jambo la ajabu. Mstari huo hupita kilomita chache kusini mwao, ukavuka barabara iendayo Nkubu, na upande wa pili wa mlima ukakatiza karibu na Nanyuki, ambako vijana huwaonyesha watalii maji yanayozunguka kwenye beseni kwa mwelekeo mmoja kaskazini na mwingine kusini. Onyesho hilo la maji ni kiinimacho kitupu. Hatua ishirini huku au kule ya mstari haziwezi kuyabadilisha maji ya beseni.

Hata hivyo, ikweta ina siri yake ya kweli, na inahusu nguvu ya uvutano. Aliyeitambua siri hiyo mapema na kuja kuitumia katika maji ya Kenya alikuwa mhandisi na jenerali wa jeshi la anga la Italia, Luigi Broglio, aliyefariki Januari 14, 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Wameru wamewajua Waitalia kwa miaka mingi kupitia wamisionari wa Consolata, shule zao na hospitali zao. Mwitaliano huyu wa roketi, ambaye kazi yake iliiweka Kenya katika historia ya elimu ya ulimwengu, ni wachache wanaomkumbuka.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911, Mestre, mji ulio bara mkabala na Venice. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma na akajiunga na wahandisi wa jeshi la anga. Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika, Italia ilikuwa nchi iliyoshindwa, na mkataba wa amani wa 1947 uliipiga marufuku kumiliki makombora ya kuongozwa. Huo haukuwa wakati mwema kwa kijana mwenye hamu ya mambo ya angani. Broglio akajikita katika kufundisha, na mwaka 1952 akamrithi mwalimu maarufu Gaetano Arturo Crocco katika uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege mjini Roma.

Masharti ya mkataba yalipolegea, alisimamia ujenzi wa uwanja wa majaribio ya roketi huko Salto di Quirra, kisiwani Sardinia. Mapema 1961 roketi ndogo zilirushwa kutoka hapo zikimwaga mvuke wa sodiamu juu sana, ukafanya mawingu yenye rangi ya machungwa ambayo yaliwawezesha wataalamu kuona upepo wa tabaka za juu unavyovuma. Roketi hizo zilipanda zikaanguka. Broglio alitaka kitu kitakachopanda kisirudi upesi.

Hapo ndipo uvutano unapoingia, na ni vyema kueleza kwa mfano wa nyumbani. Tuseme mtu amesimama kwenye kilele cha Batian, mita 5,199 juu ya usawa wa bahari, na anarusha jiwe kuelekea mashariki. Jiwe litaanguka karibu. Akilirusha kwa nguvu zaidi litaanguka Kiirua, na kwa nguvu zaidi ya hiyo litafika Isiolo au ng'ambo ya Tana. Katika sekunde ya kwanza, jiwe lolote huanguka takriban mita 4.9, liwe limerushwa au limeachiliwa tu. Lakini dunia ni mviringo, na uso wake hujikunja chini kwa mita hizo hizo 4.9 katika kila kilomita 7.9. Kwa hiyo, jiwe litakalorushwa kwa kasi ya kilomita 7.9 kwa sekunde, kama hewa isingelizuia, litaanguka na kuanguka bila kuifikia ardhi, kwa sababu ardhi nayo inalikimbia. Mfano wa namna hii ulibuniwa na Isaac Newton katika karne ya 17.

Setilaiti, basi, ni jiwe linaloanguka daima. Wengi hudhani kuwa huelea kwa sababu uvutano umekwisha huko juu. La hasha. Kilomita 500 kutoka ardhini, uvutano ungali na asilimia 86 hivi ya nguvu zake za hapa chini. Kinachokosekana ni kizuizi cha kuukatiza mwanguko.

Broglio aliifahamu hesabu hiyo kama wahandisi wenzake wote. Alichokuwa nacho zaidi ni swali la mahali pa kurushia. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, na kwenye ikweta ndiko uso wake unakokwenda kasi zaidi: mita 465 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 1,670 kwa saa, kuelekea mashariki. Mkulima wa Kiirua aliyeketi kivulini anasafiri kwa kasi hiyo bila kujua. Roketi inayorushwa mashariki kutoka hapo huanza safari ikiwa tayari imesukumwa. Katika kituo cha Wallops Island, Virginia, nchini Marekani, msukumo huo ni wa mita 367 hivi tu kwa sekunde.

Kuzunguka huko kunapunguza hata uzani. Gunia la viazi la kilo 50 likitundikwa kwenye mizani ya springi iliyorekebishwa kwenye Ncha ya Kaskazini, Kiirua litaonyesha upungufu wa zaidi ya robo kilo. Sehemu kubwa ya upungufu huo inatokana na dunia kujizungusha. Sehemu nyingine ni kwamba dunia imevimba kiunoni, hivyo mtu wa ikweta yuko mbali na kitovu chake kwa kilomita 21 zaidi kuliko mtu wa ncha. Wanunuzi wa viazi wasilichukue hili kama kisingizio, maana mizani za sokoni hurekebishwa papo hapo zinapotumika, na viazi vyenyewe havijapungua.

Lakini faida ya kasi haikuwa ndiyo kubwa zaidi. Uvutano huvuta kuelekea kitovu cha dunia, na kwa sababu hiyo kila njia ya setilaiti sharti iwe duara au duaradufu ambayo bapa lake linapita kwenye kitovu hicho. Hakuna setilaiti inayoweza kuzunguka juu ya Roma tu, au juu ya Virginia tu, ikifuata latitudo moja. Inayorushwa kutoka Wallops itapanda hadi digrii 38 kaskazini na kushuka hadi digrii 38 kusini. Kuipindua njia hiyo ikiwa juu ili ilale sambamba na ikweta kungehitaji kasi ya ziada ya takriban kilomita 5 kwa sekunde, mzigo ambao roketi ndogo za wakati huo hazingeubeba. Anayetaka njia ya ikweta kwa gharama ndogo hana budi kwenda ikweta mwenyewe.

Italia haina ikweta. Broglio akaitafuta ya wengine, na ramani ikamwelekeza Afrika Mashariki, kwenye pwani iliyotazama bahari tupu upande wa mashariki, ambako mabaki ya roketi yangeanguka bila kumdhuru mtu. Serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani iliukubali mradi huo mwaka 1961, na mwaka uliofuata ukatiwa sahihi makubaliano na shirika la anga la Marekani, NASA. Marekani ingetoa roketi aina ya Scout na mafunzo. Italia ingejenga setilaiti na kituo. Mradi ulipewa jina la San Marco, mtakatifu msimamizi wa Venice.

Badala ya kujenga ufukweni, Broglio alichagua majukwaa ya chuma yenye miguu iliyokita kwenye sakafu ya bahari. La kwanza, Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta lililotolewa na kampuni ya mafuta ya Italia. Mwaka 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru, roketi ndogo za uchunguzi zilirushwa kutoka juu yake katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa la pili, San Marco, ndilo lililobeba roketi kubwa, na Santa Rita likabaki kuwa chumba cha kuongozea, nyaya zikipita chini ya maji kati ya hayo mawili. Santa Rita, kwa Wakatoliki, ni mtakatifu wa mambo yasiyowezekana. Hakuna shaka waliochagua jina hilo walijua wanachokifanya.

Mnamo Desemba 15, 1964, timu ya Broglio ilirusha San Marco 1 kutoka Wallops ili kujipima. Wakati huo ni Wasovieti na Wamarekani pekee waliokuwa wamewahi kurusha setilaiti kwa mikono yao. Kisha, Aprili 26, 1967, San Marco 2, yenye uzito wa kilo 129, ikapaa kutoka maji ya Ngomeni na kuingia katika njia iliyoegemea ikweta kwa chini ya digrii tatu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

Chombo kilichokuwa ndani yake alikibuni Broglio mwenyewe, na huenda ndicho kinachoonyesha akili yake vizuri kuliko majukwaa. Setilaiti ilikuwa tufe jepesi la nje lililozunguka kiini kizito, viwili hivyo vikiunganishwa na mikono yenye kuhisi msukumo mdogo sana. Uvutano huangusha vitu vyote sawasawa, vizito kwa vyepesi. Kwa hiyo tufe na kiini viliianguka dunia pamoja, na uvutano haukuweza kuvitenganisha. Hewa ndiyo iliyoweza. Ingawa huko juu ni nyembamba mno, iliisukuma ngozi ya nje na haikukigusa kiini. Kila msukumo ulioonekana kwenye mikono ulikuwa wa hewa peke yake, na kutokana nao uzito wa hewa ungeweza kukadiriwa. Kifaa hicho kiliitwa mizani ya Broglio. Ni hewa hiyo hiyo ambayo hatimaye huzishusha setilaiti za chini, na San Marco 2 yenyewe ilirudi na kuungua Oktoba 1967.

Siku iliyolifanya jina la Kenya lijulikane katika vyuo vyote vya elimu ya nyota ilikuwa Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru. Marekani, kwa mara ya kwanza, ilikabidhi setilaiti yake irushwe na nchi nyingine. Kilikuwa chombo cha kilo 140 hivi, kilichobuniwa na kundi la Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei kutoka angani. Angahewa huizuia miale hiyo isitufikie, na kabla ya hapo vyanzo vilivyojulikana vilikuwa dazeni chache tu, vilivyoonwa kwa roketi za dakika chache. Njia ya ikweta ilikuwa muhimu hapa kwa sababu nyingine pia: ilikiepusha chombo na eneo la mnururisho mkali lililo juu ya Atlantiki ya kusini, ambao ungevisumbua vipimo vyake.

Broglio na watu wake walikirusha bila hitilafu. Marjorie Townsend, mwanamke aliyesimamia mradi huo kwa niaba ya NASA, akakipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji.

Kwa miaka miwili na zaidi, Uhuru kilizunguka kati ya digrii tatu kaskazini na digrii tatu kusini, kila mzunguko ukichukua muda unaokaribia saa moja na nusu na ushei. Maana yake ni kwamba kilikatiza anga ya kati ya Kenya, Kiirua ikiwamo, mara kumi na nne hivi kila siku. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi kwenye miteremko ile walipitiwa juu ya vichwa vyao na chombo kilichokuwa kikibadilisha vitabu vya fizikia.

Kwani Uhuru kilikuta nini? Kilikuta kuanguka. Katika chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kiliona eksirei zikipiga kama mapigo ya moyo kila baada ya sekunde 4.8, kisha zikitoweka na kurudi kila siku mbili hivi. Maelezo yaliyopatikana ni kwamba ile ni nyota ya nutroni, mabaki ya nyota iliyokufa, yenye uzito unaozidi wa jua letu lakini upana wa kama kilomita ishirini, ikizungukana na nyota ya kawaida na kuinyonya gesi. Gesi ile inapoanguka kwenye uvutano mkali kiasi hicho hupata joto la mamilioni ya digrii na kung'aa kwa eksirei. Kabla ya hapo, wengi walizoea kuamini kwamba chanzo kikuu cha nishati ya ulimwengu ni moto wa nyuklia unaowaka ndani ya nyota. Uhuru kilidhihirisha kwamba gramu moja ya maada ikianguka kwenye nyota ya nutroni hutoa nishati zaidi ya mara kumi ya ile ambayo gramu hiyo ingetoa kwa kuungua ndani ya jua.

Chanzo kingine, Cygnus X-1, hakikuwa na mapigo ya mpango. Kilimetameta ovyo na kwa haraka mno, dalili kwamba ni kidogo sana kwa umbo. Vipimo vya darubini za ardhini vya mwaka 1971 na 1972 vilionyesha kwamba nyota kubwa ya mahali pale inazungushwa kila siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana, mzito kupita nyota yoyote ya nutroni iwezavyo kuwa. Hicho kikawa kitu cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikikubali kuwa shimo jeusi: mahali ambapo uvutano, au kwa lugha ya Einstein kupindika kwa anga na wakati, kumezidi hata mwanga ukashindwa kutoka. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 yanalipa uzito wa majua 21 hivi.

Uhuru kiligundua pia kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi yenye joto hivyo ingepaswa kutawanyika zamani. Inayoishikilia ni nguvu ya uvutano, na uzito wa galaksi na wa gesi yenyewe ukijumlishwa hautoshi kufanya kazi hiyo. Hilo lilitia nguvu hoja kwamba sehemu kubwa ya maada ya ulimwengu haionekani. Orodha ya mwisho ya chombo hicho ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya Broglio kufariki.

Kutoka jukwaa lile zilirushwa setilaiti tisa kwa jumla, kati ya 1967 na 1988: nne za Italia, nne za Marekani na moja ya Uingereza. Hiyo ya Uingereza, Ariel 5 ya mwaka 1974, ndiyo iliyoona mwaka uliofuata mlipuko wa eksirei kutoka mfumo mwingine ambao baadaye ulithibitishwa kuwa na shimo jeusi. Ya mwisho ilikuwa San Marco 5, Machi 25, 1988, ikibeba tena mizani ya Broglio. Roketi za Scout zilikuwa zikielekea kustaafishwa, mpango wa Italia wa kuunda toleo lenye nguvu zaidi haukufika jukwaani, na tangu siku hiyo hakuna setilaiti iliyopaa kutoka Ngomeni.

Ni haki pia kusema kwamba hesabu ya Broglio ilikuwa ya uvutano na bahari. Ya watu wa Ngomeni haikupewa uzito uleule. Kijiji kilibaki cha wavuvi, na lawama kwamba wenyeji na vijana wa Kenya wamefaidika kidogo na kituo hicho zimesikika kwa miongo mingi. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia uliotiwa sahihi 2016 ulijaribu kulijibu hilo kwa vipengele vya mafunzo na utafiti. Mwaka 2018, setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na chuo kilekile cha Roma alikofundisha Broglio, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani.

Taifa-1 ilifuata Aprili 15, 2023. Ilirushwa kutoka Vandenberg, California, na Wakenya wengi waliuliza kwa nini nchi yenye ikweta ikarushie setilaiti yake ugenini. Jibu moja ni roketi, ambayo Kenya haina. Jibu la pili Broglio angelitoa upesi: Taifa-1 ni ya kupiga picha za ardhi na hupita karibu na ncha za dunia, na kwa safari ya namna hiyo msukumo wa ikweta hauna msaada. Msukumo ule humfaa anayeelekea mashariki.

Kituo cha nchi kavu cha Ngomeni, ambacho baada ya kifo chake kilipewa jina lake, kimeendelea kupokea ishara za setilaiti zilizorushwa kutoka kwingine.